Nilipoitwa Mwizi Mtaani Kwangu

Ndugu yangu unayesoma, sijui umekaa wapi saa hizi. Pengine uko ofisini peke yako, wafanyakazi wameshaondoka, na hujapata ujasiri wa kuwaambia kwamba mwezi huu mshahara haupo. Pengine uko nyumbani, simu umeilaza kifudifudi usione nani anapiga. Nami nimepita huko. Leo ni mzima, alhamdulillah. Watoto wanasoma, mume wangu yupo, shirika lipo. Lakini namba nisiyoijua ikiita magharibi, tumbo linanikata mpaka leo. Nalisema mapema, usije ukadhani anayekuandikia ni mtu ambaye mambo hayo yamemtoka kabisa.

Shirika letu ni dogo. Liko Mbagala, wilaya ya Temeke, vyumba viwili vya kupanga na uwanja wa nyuma wenye turubai. Tulilianzisha mwaka 2013, mimi na wenzangu wawili, tulipochoka kuona mafunzo ya ujasiriamali yanakuja mtaani, watu wanapewa nauli, wanapigwa picha, wanagawiwa vyeti, basi, yameisha. Sisi tukasema tutafundisha ujasiriamali jamii, yaani biashara ambayo ikikua, shida ya mtaa inapungua. Mama anayeuza maji safi mahali bomba halifiki. Vijana wanaozoa taka nyumba kwa nyumba kwa mkokoteni na kuuza chupa kwa kilo. Wasichana wanaoshona taulo za kike za kitambaa, za kufua, kwa sababu wao wenyewe waliwahi kukosa masomo kwa ajili ya kukosa kitu hicho. Kila kikundi kilikuwa na sanduku la hisa, la bati, lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Mimi mkurugenzi sikushika hata ufunguo mmoja.

Darasani nilipenda kuwasimulia habari za Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, aliwakuta wanawake wanaotengeneza vigoda vya mianzi na hawabakiwi na kitu, kwa sababu aliyewakopesha pesa ya mianzi ndiye huyohuyo aliyenunua vigoda kwa bei aliyotaka yeye. Yakaorodheshwa majina ya watu 42. Deni lao wote halikuzidi dola 27. Akatoa mfukoni mwake. Huko ndiko ilikoanzia Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wanafunzi wangu walicheka kila waliposikia hizo dola 27, nami nikicheka nao. Hakuna aliyeniuliza wale watu 42 walikuwa wakilalaje usiku kabla profesa hajafika. Nami sikuwahi kujiuliza.

Mwaka 2019 riziki ilitufungukia. Juni mosi mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima, na kikundi chetu cha cherehani kikaanza kushona mifuko ya kitambaa ya kwendea sokoni. Mwisho wa mwaka mfadhili mmoja kutoka nje akakubali kutusaidia kwa miaka miwili. Angelipia mafunzo, na kila kikundi kitakachohitimu kingepata mtaji wa kuanzia. Kwa kuwa mkataba ulizidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zilitutaka tuupeleke Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Niliyanung'unikia sana makaratasi yale. Awamu ya kwanza ikaingia, darasa likaanza Januari 2020. Mtaji ungekuja Aprili.

Watu hawakungoja Aprili. Tuliwaambia wangoje, tena kwa kurudiarudia, lakini kazi ilikuwepo na mwenye njaa hangojeshwi kwa maneno. Wakaenda kwa wale wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Wakachukua pesa ya vitambaa. Wengine wakanunua cherehani kabisa. Hesabu yao ilikuwa rahisi, mtaji ukija tunalipa.

Machi 16 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Mwezi haujaisha, ikaja barua pepe ya mfadhili. Kutokana na hali ya dunia, fedha zimeelekezwa kwingine, mkataba unasitishwa. Walitutakia afya njema. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikidhani nikikaa itabadilika.

Aprili ilitudanganya kidogo. Jiji zima lilitaka ndoo zenye koki na sabuni ya maji, jiji zima lilitaka barakoa. Kikundi cha sabuni kilikuwa hakilali, na wale wa mifuko wakageukia barakoa za kitambaa. Nikajikaza kisabuni, nikajiambia Mungu amefunga huku amefungua kule. Ramadhani ikaja, tukafunga, tukauza. Sikukuu, Mei 24, watoto hawakupata nguo mpya lakini pilau ililiwa.

Juni barakoa zikaacha kununuliwa. Nchi ilitangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka, watu wakamshukuru Mungu, wakazivua. Nami nilishukuru, sikatai. Ila magunia ya barakoa yalikuwa yamepangwa ofisini hadi dirishani, na vitambaa vyake vilinunuliwa kwa mkopo.

Marejesho ya kausha damu hayana subira. Kila wiki. Kwa wengine kila siku. Ukikosa, riba inapanda juu ya riba. Ukikosa tena, wanakuja na guta kubeba kitu. Wakati huohuo mwenye nyumba alitaka kodi ya ofisi ya miezi sita, na wasaidizi wangu wawili walikuwa hawajalipwa. Mmoja akarudi kwao Lindi. Aliniaga kwa adabu sana, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza.

Ndipo likaanza neno. Kwamba hela za wafadhili zilikuja zote, mkurugenzi kazila. Kwamba amejenga Chanika. Sijawahi kuwa na kiwanja Chanika, na mpaka leo nikipita huko natazama zile nyumba nikijiuliza ni ipi waliyonipa.

Jioni moja nilimtuma binti yangu dukani kwa mafuta ya kupima, ya shilingi mia tano. Alirudi na kikombe kitupu na pesa mkononi. Alikuta wanawake barazani, wakanyamaza alipofika, mmoja akasema, huyo mtoto wa mwizi. Akageuka. Aliniuliza, "Mama, tumeiba nini?"

Hakusema umeiba. Alisema tumeiba.

Sikuweza kumjibu. Tulikula wali mkavu.

Haikupita wiki, kausha damu wakambebea cherehani mama mmoja wa kikundi. Mumewe alikuwa mbali kikazi, watoto wadogo, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa inawalisha. Guta lilipita nayo mchana, mbele za watu. Akaja ofisini. Nilikuwa peke yangu.

Nilisikia ndala zake kabla ya sauti yake. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikazima taa. Nikakaa chini, nyuma ya kabati.

Akagonga.

"Dada."

Sikujibu.

"Dada, najua upo. Sitaki hela. Toka tu unitazame."

Sikutoka. Miguu haikuniitika. Niliuma mtandio wangu nisitoe sauti. Akakaa kibarazani akalia. Wakaja wengine. Wakapiga mlango kwa viganja. Kisha kwa jiwe. Mtu akasema, aitwe mjumbe. Mwingine akasema, mwacheni, afe humohumo.

Waliondoka magharibi. Nikasikia adhana. Sikuamka. Mita ya Luku ilikuwa inalia, uniti zinakwisha. Inalia, inanyamaza, inalia. Nikawa naifuata ile sauti. Sikuwa na jambo lingine la kufanya.

Usiku ule lilinijia wazo ambalo sitaliandika lote. Nitasema tu kwamba niliona wanangu watapata nafuu jina langu likisahaulika. Niliona ni jambo la busara. Hilo ndilo linalonitisha hata sasa, kwamba halikuja kwa vurugu, lilikuja kwa upole, na sababu zake mkononi. Kama nawe limekujia, mpigie mtu sasa hivi. Usimalize kwanza kusoma. Mume, dada, shehe, mchungaji, jirani, yeyote. Weka haya pembeni umpigie. Nitakungoja.

Umeme ukakatika. Mita ikanyamaza.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliposikia chuma kikisugua chuma. Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake iko Keko. Alikuja na bisibisi. Hakugonga, hakuita, hakuvunja. Alifungua bawaba, skrubu moja moja, akawa anazitia mfukoni, kisha akaunyanyua mlango mzima akauegemeza ukutani. Nyuma yake alisimama Bi Mkubwa na tochi ya simu. Ni bibi mmoja muuza chapati, mshika ufunguo wa sanduku la kikundi kilekile cha cherehani.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "twende ukaoge. Ugali upo."

Bi Mkubwa hakunipa pole. Aliinama akanimulika usoni. "Niambie kwanza. Umezila hukuzila?"

"Shikamoo Bi Mkubwa. Sijazila."

"Marahaba. Basi kesho kutwa utayasema hayo mchana, watu wakiuona uso wako. Mimi nitakaa ubavuni kwako."

Najua ni ajabu kuamkia mtu katika hali ile, lakini ndivyo nilivyolelewa, na nadhani shikamoo ile ndiyo iliyonirudisha duniani. Nilikuwa tena mtoto wa watu.

Mama yangu alipanda basi kutoka Muheza bila kuulizwa, akafika na gunia la machungwa. Ulikuwa msimu wake. Hakuniuliza hesabu hata moja. Aliniamsha alfajiri tuswali, akanimenyea machungwa, akanilazimisha kula, na usiku alilala mlangoni mwa chumba chetu kwenye mkeka. Nilijua kwa nini amelala pale. Hatukulizungumza. Mume wangu aliuza mashine yake ya kuranda. Nilijua baada ya kuuzwa, aliponiwekea pesa mezani na kusema hii ya kodi, hii ya wasaidizi. Ilichukua muda mrefu kupata nyingine, na kipindi chote hicho alikuwa akiranda mbao kwa mkono, au kwa mashine za wenzake kwa kulipia.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitupa uwanja wa ofisi yake. Nilibandika ukutani taarifa za benki, karatasi kwa karatasi, na mkataba, na nakala ya barua tuliyompelekea Msajili. Nilianza kusoma kwa sauti iliyotetemeka hata kijana mmoja akapaza, "Hatusikii!" Nikaanza upya. Nikasoma kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Kilichoingia. Kilikokwenda. Ambacho hakikuja kabisa. Kifungu kinachompa mfadhili haki ya kusitisha kwa taarifa ya maandishi. Barua yake yenyewe, mpaka hapo pa afya njema, na watu wakaguna. Yale makaratasi niliyoyanung'unikia ndiyo yaliyonisemea, maana neno la aliyekwisha kuitwa mwizi lina uzito gani? Bi Mkubwa alikaa ubavuni kwangu kama alivyoahidi, akimenya vitunguu vya biashara yake, na kila mtu alipotaka kupiga kelele aliinua kisu kidogo tu, bila kusema.

Nisikudanganye kwamba wote waliniamini. Wapo walioondoka sijamaliza, na mmoja wao hanisalimii mpaka leo. Tukikutana sokoni Rangi Tatu anatazama ndizi. Nilidhani utaniua mtazamo ule. Haukuniua.

Yule mama wa cherehani akasimama. Safari hii nilimtazama. Macho yalikuwa yamemvimba, mtoto mgongoni. Sikuona chuki niliyoiogopa nyuma ya lile kabati. Niliona uchovu.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa cherehani yangu inarudije?"

Swali lile ndilo lililotuokoa, kwa sababu lilikuwa swali la kikazi. Tuliacha kusema nani kala, tukaanza kusema nani ana nini. Masanduku yalikuwa na hisa, na kila kikundi kilikuwa na mfuko wa jamii, ile akiba ndogo ya misiba na magonjwa. Wakajadiliana hadi alasiri. Vikundi viwili vilikataa katakata kugusa akiba zao, na ilikuwa haki yao. Vilivyokubali viliamua kuwakopesha wenzao waliobanwa na kausha damu ili wamalize deni lile mara moja, kisha wazirejeshe pesa sandukuni kwa riba ndogo ya kikundi, riba ambayo mwisho wa mzunguko inarudi kwao wenyewe kwenye mgao. Wakaitwa washika funguo. Nilisimama mbali nikatazama kufuli la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyenitazama kwa wasiwasi, kwa sababu pesa ile haikupitia mkononi mwangu wakati wowote.

Juni 29 shule zikafunguliwa. Kila shule ilihitaji ndoo za kunawia na sabuni. Tukazunguka kwa wakuu wa shule, wengine wakatukatalia, wengine wakasema leteni lakini malipo baadaye. Kama hujawahi kukoroga sabuni ya maji kwa pipa, ni kazi ya bega. Mwiko unakwenda upande mmoja tu, ukigeuza povu linakuvuruga, na ukimaliza unaliacha pipa lilale mpaka povu lishuke ndipo upime. Niliikoroga nami. Mkurugenzi, na gauni lililopauka kifuani kwa soda. Wanawake waliona, na sikuwa nafanya ili waone. Nilikuwa sina pesa ya kumlipa mtu na nilihitaji kuchoka ili nilale.

Zile barakoa za kwenye magunia hazikupata mnunuzi. Zilifumuliwa, vitambaa vilivyofaa vikaingia kwenye taulo za kike, vingine vikawa matambara. Hasara ni hasara, usimsikilize anayekuambia kila kitu hugeuka baraka.

Cherehani ilirudi kabla mwaka haujaisha. Haikuwa na kanyagio. Sijui walilifanyia nini. Mume wangu akachonga la mbao. Yule mama akalijaribu kwa mguu, akasema ni zito, akaanza kushona.

Tangu hapo nimeliongoza shirika kwa namna nyingine. Anayejiunga na darasa analipa ada kidogo, hata kama ni ya kulipa kwa awamu, na sehemu ya mauzo ya sabuni inalipia pango na Luku. Taarifa ya benki inabandikwa ukutani kila mwezi, hata mwezi ambao ni aibu tupu. Na hadithi ya Jobra naisimulia bado, ila sasa naanzia kwa wale 42, na darasa halicheki.

Hofu haijahama. Baadaye baadhi ya vikundi vyetu vilipata mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Nilisikia habari ile redioni nikiwa kwenye daladala, jasho likanitoka, nikashuka kituo kisicho changu. Nilikaa kwenye benchi la muuza mihogo nikampigia mume wangu. Nilimwambia naogopa, basi. Akasema, kaa hapohapo nakuja. Nikakaa. Vikundi vilivyokuwa vinaingoja mikopo ile vilirudi masandukuni kwao, wakapunguza kazi, wakaendelea.

Mwaka uliofuata akatufuata mfadhili mwingine, mwenye nia njema na mkataba mnene. Sikuutia saini. Nilirudufu kifungu kile cha kusitisha, nikakipeleka kwenye kikao cha vikundi, tukakisoma kwa Kiswahili. Bi Mkubwa, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliuliza, "Na hawa wakiondoka?"

Tuliandika jibu letu tukawapelekea. Kwamba walipie mafunzo tu, mtaji wa vikundi usiwemo kabisa katika ahadi. Kwamba fedha ya miezi mitatu ya mwisho iwekwe mwanzoni. Walikaa kimya muda mrefu. Usingizi ulinipaa, sikufichi, na mama alinipigia kila alfajiri kama zamani. Kisha wakajibu kwamba wamekubali. Bi Mkubwa akataka barua isomwe tena, polepole, kuanzia juu. Ilipofika mwisho akaniambia, "Haya mwanangu, tia saini."